KUMTUNZA MZEE NYUMBANI: MAANDALIZI YA FAMILIA KABLA YA UGONJWA

Familia nyingi huanza kumtunza mzazi mzee pasipo kupanga. Asubuhi moja mama anateleza kwenye njia ya tope akielekea mgombani, nyonga inavunjika, na tangu siku hiyo anahitaji mtu wa kumnyanyua, kumwogesha na kumlisha. Kwa kuwa hapakuwa na shauri lolote la awali, kazi humwangukia yeyote aliyekuwa karibu: aghalabu binti aliyerudi kwao, au mke wa mwana aliyebaki kijijini. Ndugu walioko Mbeya, Tunduma au Dar es Salaam hutuma fedha wanapokumbushwa. Baada ya miezi michache fedha zinapungua, maneno yanazidi, na shamba la chai au la parachichi linaanza kutafutiwa mnunuzi.

Sehemu hii ya kijitabu inakusudia kuwasaidia wakazi wa Tukuyu na Wilaya nzima ya Rungwe kuepuka hali hiyo. Ushauri wake mkuu ni mmoja: makubaliano ya matunzo yafanywe wakati mzee angali na akili timamu na kauli yake mwenyewe.

Jukumu ni la nani?

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na familia ndiyo taasisi ya msingi ya kumtunza. Zanzibar imekuwa ikilipa pensheni jamii tangu mwaka 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70. Tanzania Bara haina pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. Mkulima wa ndizi au viazi ambaye hakuwahi kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii hutegemea shamba lake na watoto wake. Ndiyo maana mipango ya familia ina uzito mkubwa.

Kikao cha familia

Itisheni kikao wakati ndugu wengi wapo nyumbani, kwa mfano mwishoni mwa mwaka. Mzee awepo, na asikilizwe kwanza. Maswali yafuatayo yasikwepwe:

1. Mzee anataka kuishi wapi? Watoto wengine humhamishia mzazi mjini kwa nia njema, kisha akashinda peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa geti, mbali na majirani, kanisa na bustani yake. Wengine humwacha kijijini akiwa hawezi tena hata kuchota maji. Kila chaguo lina gharama yake; mzee aulizwe angali anaweza kujibu.

2. Nani atamhudumia mwilini? Hili ndilo swali linaloonewa haya kuliko yote. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mwana hujiepusha na baba mkwe wake. Zamani hakuruhusiwa hata kumtazama usoni wala kutaja jina lake. Mila hiyo imelegea, lakini haya haijaisha. Familia inayodhani kwamba mkwe atamwogesha baba mkwe aliyepooza huwaweka wote wawili katika fedheha: mzee hukataa kuoga, na mkwe hulaumiwa kwa uvivu. Amueni mapema kama kazi hiyo itafanywa na mwana wa kiume, mjukuu, au mtu wa kulipwa.

3. Nani atatoa nini? Fedha na nguvu za mwili vyote ni michango. Anayeshinda na mzee ameacha shamba, biashara au kibarua chake. Hasara hiyo ihesabiwe kama mchango. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliye mbali huona kazi ni nyepesi kwa kuwa hajaibeba.

4. Nani atampokea mlezi apumzike, na lini? Andikeni tarehe.

Yaliyokubaliwa yaandikwe, yasomwe kwa sauti, na kila mtu apewe nakala. Rudieni kikao angalau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa hali ya mzee hubadilika.

Kukadiria gharama

Kadirio liorodheshe dawa, chakula, sabuni, nauli na vifaa. Chukueni mfano wa nepi za watu wazima: mzee atumiaye tatu kwa siku huhitaji 90 kwa mwezi. Zidisheni kwa bei ya duka lenu, mtaona uzito wa bidhaa moja tu. Kumbukeni pia nauli ya kwenda hospitali, hasa mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye basi dogo na anayehitaji gari la kukodi hadi Mbeya kwa rufaa.

Mkimwajiri msaidizi wa nyumbani, andikianeni mkataba unaotaja kazi, saa, siku za mapumziko na ujira. Ujira usiwe chini ya kima kilichotangazwa na Serikali katika Amri ya Mshahara.

Matibabu

Sera ya afya nchini inatoa msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya umma kwa wazee wasio na uwezo wa kulipa. Utambuzi huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa, na kupitia ustawi wa jamii. Msingoje mzee azidiwe ndipo mkaanze kutafuta kitambulisho. Mwanafamilia mwenye bima ya afya kazini aulize kama anaweza kuwasajili wazazi wake kuwa wategemezi. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Ulizeni kituoni jinsi ya kunufaika.

Tahadharini na wauzaji wa dawa wapitao majumbani au minadani wakidai kuponya kisukari na shinikizo la damu moja kwa moja. Magonjwa hayo hudhibitiwa kwa dawa za kila siku, hata siku mgonjwa anapojisikia mzima. Mzee aliyeacha vidonge akanunua chupa ya mtaani anaweza kupata kiharusi. Nunueni dawa katika duka lililosajiliwa, na dai stakabadhi.

Nyumba salama

Rungwe ina mvua nyingi na baridi kali, hasa kati ya Juni na Agosti. Mambo hayo mawili huleta hatari mbili. Ya kwanza ni kuanguka: wekeni changarawe kwenye njia ya chooni, mti au bomba la kushikilia ukutani, taa ya usiku, na chombo cha haja chumbani kwa mzee asiyeweza kutoka gizani. Ya pili ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili kuota moto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Mpeni mzee blanketi, soksi na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Jiko lisilale ndani.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, ili asipate vidonda vya mgongoni na nyongani.

Nyaraka, ardhi na fedha

Wekeni pamoja kitambulisho cha Taifa, kadi ya kliniki, karatasi za ardhi na, kwa mstaafu, nyaraka za pensheni. Mstaafu akumbushwe uhakiki anaotakiwa kuufanya, maana kuukosa huweza kusimamisha malipo. Namba ya siri ya simu asipewe jirani wala wakala.

Mzee anayetaka kuandika wosia anaweza kusaidiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao pia huhifadhi wosia. Ardhi isiuzwe kwa haraka ya kulipia hospitali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia pasipo ridhaa ya mwenzake. Na ardhi ya kijiji ina utaratibu wake kupitia halmashauri ya kijiji. Epukeni mikopo ya mitaani ambayo mkopeshaji huchukua kadi ya benki au hati kuwa dhamana.

Usahaulifu si uchawi

Mzee anayepotea njia aliyoizoea, anayewatuhumu watu wizi au anayezurura usiku anaweza kuwa na ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni maisha yake yote huweza kutokana na moshi. Mambo haya yamewahi kuwaletea wazee nchini tuhuma, vipigo na hata vifo. Mpelekeni mzee kwa daktari, na vitisho vyovyote vitolewe taarifa polisi na kwa afisa ustawi wa jamii.

Mlezi naye ni binadamu

Mlezi anayekosa usingizi, anayeumwa mgongo, anayemfokea mzee kisha akalia peke yake, hajawa mtu mbaya. Amechoka. Uchovu huo usipopata nafuu huzaa uzembe na ukatili ambao hata yeye hakuukusudia. Mlezi aseme mapema, na familia isikie kabla ya lawama. Siku moja ya mapumziko kila wiki, mtu wa kumsaidia kumnyanyua mgonjwa, na simu ya kumshukuru ni vitu vidogo vinavyoweza kudumisha matunzo kwa miaka.

Mambo matano ya kuanza nayo mwezi huu

• Muulizeni mzee anataka kuishi wapi na nani amhudumie.
• Andikeni majina ya dawa zake, vipimo na siku za kliniki.
• Fuatilieni kitambulisho cha matibabu au usajili wa bima.
• Rekebisheni njia ya chooni.
• Pangeni tarehe ya kikao cha familia.

Mkikwama, anzeni katika ofisi ya kijiji au kata, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nendeni mkiwa na kitambulisho cha mzee na nakala ya makubaliano yenu.