Daftari Lenye Jina la Mwenyewe

Kila mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa, maduka ya vifaa vya shule na meza za wachuuzi hapa Moshi mjini huzungukwa na wazazi wanaonunua madaftari. Huyanunua kwa dazeni, kama mtu anunuavyo sabuni au viberiti, wakahesabu ya huyu wa darasa la tatu na ya yule wa kidato cha pili, kisha wakapanda magari ya kurudi Kibosho, Marangu au Rombo. Katika furushi zima hilo ni nadra sana kulikuta daftari moja ambalo mzazi amejinunulia mwenyewe. Hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kwa maoni yetu, mtu mzima asiye na daftari lake amejinyima raha ya bei nafuu, tena amewanyima wanawe kitu ambacho siku moja watakitafuta wasikione.

Raha tunayoisema huanza kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Daftari hutoka dukani likiwa halina mwenyewe. Picha iliyo juu ya jalada lake iko pia juu ya majalada ya maelfu ya wenzake, na yote hufanana kama punje za mahindi. Mwenyewe ndiye anayelipa sura. Waliosoma shule za msingi katika miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka vizuri kazi hiyo: karatasi ya kaki kwa mwenye uwezo, ukurasa wa gazeti au wa kalenda ya mwaka uliopita kwa asiye nao, na gundi ya uji mzito wa unga wa ngano. Pembe zilikunjwa kwa uangalifu, na daftari likalazwa chini ya godoro usiku kucha ili jalada linyooke. Asubuhi mtoto aliandika jina lake, darasa na somo kwa mwandiko mzuri ambao hakuutumia tena mwaka mzima. Kisha zilipigwa pambizo kwa rula na kalamu nyekundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa nyingi zilipokuwa haba madukani na madaftari yakiwa miongoni mwao, jalada hilo halikuwa pambo tu. Lilikuwa ulinzi, kwa maana haikujulikana daftari jingine lingepatikana lini.

Mtu mzima naye ana namna zake. Wako wanaopenda kaunta buku lenye jalada gumu, wakampa fundi cherehani kipande cha kitenge alishonee vazi lenye mfuko wa kalamu. Wako wanaobandika maganda makavu ya mgomba, ambayo kwa rangi na mistari yake hayahitaji mchoraji. Wengine huandika hesabu za nyumbani kuanzia nyuma na mambo mengine kuanzia mbele, hata pande mbili zikutane katikati kama wachimba mtaro. Na kwa kuwa tunaishi migombani, daftari la huku mlimani halikosi doa. Utomvu wa mgomba ukishadondoka juu ya karatasi hautoki tena. Huacha baka jeusi ambalo sabuni wala limau haliliwezi. Mtu wa mjini atasikitika kuona baka hilo. Sisi twaona ni muhuri wa mahali lilipoandikwa.

Wachagga hawakungoja karatasi ndipo wajue thamani ya kuweka alama. Katika mafunzo ya vijana ya zamani ulitumika mregho, yaani kijiti kilichochongwa alama nyingi kwa kisu, na kila alama ilikuwa na fundisho lake juu ya maisha ya mwanadamu. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyekaa miaka mingi Old Moshi, aliyaandika mafundisho hayo. Kwa hiyo atakayesema kwamba kuandika ni desturi ya kigeni, na kwamba sisi ni watu wa kusimulia tu, hajauzingatia mregho.

Mlima wetu wenyewe uliingia katika ubishi wa wataalamu kwa ajili ya maandishi ya siku moja. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann alikuwa njiani kutoka Mombasa kuja Uchagga, akiongozwa na Bwana Kheri. Aliona weupe juu ya kilele, na katika shajara yake akaandika kwamba ni theluji. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka uliofuata, mtaalamu mmoja wa jiografia aliyekaa London, William Desborough Cooley, aliikataa kata kata, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka kumi, mpaka Karl Klaus von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861 na tena mwaka 1862, akarudi na vipimo vyake. Msafiri wa 1848 hakuwa na picha wala vipimo. Alikuwa na daftari, na tarehe ndani yake.

Lakini mfano tunaoupenda kuliko yote haukutoka Ulaya. Nathaniel Mtui alikuwa mwalimu wa Kilutheri, mzaliwa wa Marangu. Katika miaka ya 1910, wakati Wajerumani bado wanatawala nchi hii, alizikusanya habari za Wamangi na za nchi zao ndogo ndogo zilizotapakaa mlimani, akaziandika katika madaftari tisa. Mtui alifariki mwaka 1927. Kathleen Stahl alipotoa kitabu chake cha historia ya Wachagga mwaka 1964, umangi ulikuwa umekwisha futwa, na kazi ya mwalimu huyo wa Marangu ilikuwa miongoni mwa nguzo alizozitegemea. Wanahistoria wengine nao wameyarejea madaftari hayo tangu hapo. Wazee waliokumbuka vita vya Wamangi walikwisha kulala zamani. Walikuwa wengi, na bila shaka walijua mengi kuliko yanavyoweza kuingia katika madaftari tisa. Yaliyotufikia kwa mkono wa Mtui ni yale tu aliyowahi kuyaandika.

Mtui alikuwa mwalimu, na pengine msomaji atasema kwamba mambo hayo ni ya wasomi. Si hivyo. Mkulima wa kahawa wa mlima huu amezoea kitabu tangu kilipoundwa chama cha kwanza cha wakulima wenyewe mwaka 1925, na zaidi tangu KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933. Kahawa ilipimwa, kilo zikaandikwa, na malipo ya pili yakasubiriwa kwa kuangalia kilichoandikwa. Mwenye kujiandikia kilo zake nyumbani alikuwa na la kusema penye shaka. Mwaka 1971 Wilaya ya Kilimanjaro ilikuwa mojawapo ya wilaya sita zilizotakiwa na Mwalimu Nyerere kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka kwisha. Wazee wenye mvi walikaa madarasani jioni, na kwa wengi wao daftari walilopewa lilikuwa la kwanza kupata kuwa na jina lao.

Tutaambiwa kwamba siku hizi kuna simu. Hatuna ugomvi na simu. Fedha za karo hupita humo, na habari ya msiba hufika Dar es Salaam kabla machozi hayajakauka. Hata hivyo, angalia ni nini hukaa juu ya meza pale msibani. Ni daftari. Rambirambi huandikwa kwa kalamu, jina kwa jina, na familia hulihifadhi kwa sababu siku ya mwingine wao nao watatakiwa kwenda. Wenye duka la mtaani huandika madeni katika daftari, na akina mama wa mchezo wa kupeana fedha huandika zamu zao humo. Penye fedha na heshima watu wetu bado huamini karatasi. Kinachotushangaza ni kwamba wanaiamini kwa deni la kilo mbili za sukari, lakini habari za baba na babu wanaziacha zikae kichwani mwa mzee wa miaka themanini.

Wala hatusemi hivi kwa kupenda mambo ya kale tu. Vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hata vingine vimebaki vipande vyembamba, na mipaka yake haikuwekwa kwa ramani. Ni mfereji, ni jiwe, ni mstari wa masale. Isale huweza kung'olewa usiku mmoja. Anayejua lilisimama wapi, na nani alilipanda baada ya makubaliano gani, ni bibi anayeota jua mbele ya nyumba. Akiondoka, ndugu waliokula chungu kimoja hukutana barazani wakiapizana, kila mmoja akidai kwamba aliambiwa na marehemu.

Basi ndugu msomaji anunue lake pia, alivike jalada alipendalo, aandike jina lake kwa mwandiko wa siku ya kwanza. Asingoje habari kubwa. Aandike mvua ilianza lini mwaka huu, mbuzi alizaa lini, mgomba wa aina gani ulipandwa penye kona ipi. Aandike tarehe kamili, na asiandike kwa penseli. Desemba magari yatapanda tena mlimani yakiwa yamejaa wana wa ukoo kutoka kila mkoa, na wazee watakuwepo, wamechangamka, wakisubiri mtu wa kuwauliza. Swali la kwanza liwe jepesi: mpaka wetu wa juu unaishia kwenye isale lipi, na ng'ambo ya pale ni kwa nani?