Diski za matobo na breki za Likoni

Kwenye magereji ya Likoni, kuanzia barabara ya kivukoni hadi ndani Bofu, haikosi Vitz au Probox iliyovishwa rimu za kung'aa, na nyuma ya rimu diski ya breki iliyotobolewa matobo kama kichujio. Muuza spea atasema ni vitu vya magari ya mashindano, na hapo hadanganyi. Ila gari la mashindano halipangi foleni ya feri.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,100 likienda kilomita 80 kwa saa hubeba nishati ya takriban kilojuli 270. Ukilisimamisha, nishati hiyo, inayotosha kuchemsha karibu lita moja ya maji ya mfereji, huishia kwenye diski na pedi kwa sekunde chache. Kwa kilomita 40 joto ni robo tu, si nusu. Safari za mjini, pamoja na kero zake zote, haziunguzi breki iliyo nzima. Kwenye miteremko mirefu kama Salgaa hali ni nyingine, na huko dereva huokolewa na gia ndogo kabla ya diski ya aina yoyote.

Zamani pedi zilitengenezwa kwa asbesto na gundi, na gundi ikipata moto mkali ilitoa gesi. Gesi ikijibana kati ya pedi na diski, dereva hukanyaga na gari lisishike. Tobo likawa njia ya kuitolea. Pedi za siku hizi hutoa gesi kidogo mno, kwa hiyo faida iliyobaki kwa gari la kawaida ni kukata utando wa maji wakati wa mvua. Bei yake ni kubwa: kila tobo ni chuma kilichoondolewa, chuma ambacho kingehifadhi joto, na ukingo wake ndipo ufa unapopenda kuanzia, ukatambaa hadi tobo la pili. Kinachopoza diski za mbele hasa ni mapezi yaliyofichwa kati ya nyuso zake mbili, yanayovuta hewa kutoka kitovuni na kuitupa nje.

Diski ya vibonyeo ina busara zaidi. Vishimo vyake havitokezi upande wa pili, hivyo haidhoofiki sana, na vinakwangua uso wa pedi usifanye utelezi. Mara nyingi vikikaribia kufutika, diski nayo imekwisha. Kama lazima ununue urembo, nunua huu. (Matobo kwenye diski ya bodaboda ni habari nyingine: ile ni nyembamba, ya chuma kisichoshika kutu kirahisi, na iko wazi kwa mvua na matope.)

Kinachokula breki za Bofu ni bahari. Hewa ya chumvi hushikisha kutu pini za kalipa, pedi ya upande mmoja ikaganda, na gari likavuta kushoto au kulia ukikanyaga. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewani polepole. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Ikichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea: pedeli inazama hadi sakafuni, matobo yawepo yasiwepo. Kubadilisha mafuta hayo kila miaka miwili, na kupaka pini grisi ya breki, ni gharama ndogo kuliko jozi ya diski za matobo. Fundi apime pia unene wa diski. Kiwango cha chini kwa kawaida huchongwa ukingoni au kitovuni.

Linabaki vumbi jeusi la kwenye rimu. Ulaya, kanuni za Euro 7 zilizopitishwa 2024 ndizo za kwanza huko kuliwekea kikomo: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari mengi madogo ya petroli na dizeli. Gerejini kwetu bado hupulizwa kwa kompresa, fundi kainama juu yake na utingo pembeni. Pedi isiyojulikana ilikotoka yaweza kuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani ya utando wa mapafu miaka mingi baada ya kuvutwa. Vumbi hilo lilowanishwe kwanza, lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kitupwe kikiwa bado na maji.