Bahari ya Aral: Pamba Iliyokausha Maji



Wengi wetu tunashika pamba kila siku, wengine shambani, wengine kiwandani kwenye nyuzi. Inafaa tujue habari za pamba iliyokausha karibu bahari nzima.

Bahari ya Aral iko kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Inaitwa bahari, lakini ni ziwa la maji ya chumvi, na mwaka 1960 ukubwa wake ulikaribia Ziwa Victoria. Lililishwa na mito miwili, Amu Darya na Syr Darya. Serikali ya Muungano wa Kisovieti iliamua kwamba jangwa lile liote pamba, ikaielekeza mito mashambani. Mfereji wa Karakum peke yake una urefu wa zaidi ya kilometa 1,000, nao ulichimbwa katika mchanga bila kusakafiwa. Maji mengi yalinywewa na mchanga kabla hayajafika kwenye mche wowote.

Wakubwa walijua kwamba bahari itapungua. Walipiga hesabu wakaona pamba ina faida kuliko samaki. Katika hesabu hiyo mfanyakazi hakuandikwa.

Mji wa bandari wa Moynaq ulikuwa na kiwanda cha samaki wa makopo. Maji yalipopungua chumvi ilizidi, samaki wakafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa biashara ukawa umekwisha. Kiwanda hakikufungwa siku ile ile: kililetewa samaki wa barafu kutoka bahari za mbali, ili watu wapate la kufanya. Kazi ya namna hiyo tunaijua sisi, inategemea huruma ya ofisi. Mwishowe kilifungwa.

Pale palipokuwa na maji, upepo hurusha chumvi pamoja na mabaki ya dawa za pamba, na watu wanaivuta hewa hiyo.

Wachumaji nao? Hata baada ya Usovieti kuanguka mwaka 1991, Uzbekistan iliendelea kuwatoa walimu, wauguzi na wanafunzi kwa amri wakachume pamba. Ni mwaka 2022 tu ndipo Shirika la Kazi Duniani lilipotangaza kwamba mpango huo wa shuruti umekwisha.

Mwaka 2005 Kazakhstan ilimaliza bwawa la Kok-Aral upande wa kaskazini. Maji yakapanda, samaki na wavuvi wakarudi. Kusini hakuna bwawa kama hilo, na maji ya Amu Darya bado yanakwenda mashambani.