Mbwa Ajikunaye

Mbwa hulinda nyumba wakati bwana wake amelala, naye hufukuza nyani na ngedere mashambani. Lakini hawezi kusema. Akipatwa na ugonjwa, hana njia ya kutuarifu ila kwa matendo yake. Nasi tusipoyaangalia, huteseka peke yake.

Labda umepata kumwona mbwa ajikunaye mchana kutwa. Hujikwaruza kwa kucha, hujiuma mkiani, hujisugua ukutani hata manyoya yakapukutika na ngozi ikatoka damu. Watu wa nyumba huchukizwa naye, wakamfukuza kwa mawe. Je, kosa ni lake? Sivyo, yeye ni mgonjwa.

Kwanza yafaa kutafuta sababu. Mlaze penye mwanga, uyafunue manyoya yake kidogo kidogo. Ukiona vidudu vyembamba vya rangi ya hudhurungi virukavyo, hao ni viroboto. Wanaonata masikioni na katikati ya vidole ni kupe. Lakini ngozi ikiwa nene yenye magamba, na manyoya yametoka masikioni na viwikoni, yamkini ni upele. Huo huletwa na vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo huchimba ndani ya ngozi. Upele wa mbwa waweza kumwambukiza hata mtu amshikaye. Basi nawa mikono kwa sabuni.

Miti miwili yaweza kumpunguzia mbwa mwasho. Wa kwanza ni mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi. Uliitwa hivyo kwa sababu watu walisema kwamba huponya maradhi arobaini. Hatuna haja ya kuiamini hesabu hiyo, lakini ni kweli kwamba ndani yake mna kitu kichungu kinachowazuia wadudu wengi kula na kukua. Chemsha konzi mbili za majani mabichi katika sufuria ya maji, uyaache yapoe kabisa, kisha uyachuje kwa kitambaa. Maji ya moto huzidisha mwasho. Jaribu kwanza mahali padogo, ungoje siku moja. Ngozi isipovimba, mwoshe mwili, ila usimtie machoni wala kinywani.

Mti wa pili ni mshubiri. Kata jani moja, ulisimamishe mpaka utomvu wa manjano umetoka wote, kwa maana huo humharisha mbwa akiulamba. Kisha menya ganda, umpake ute mwangavu wa ndani palipowasha. Mshike hata ukauke.

Wako watu wampakao mbwa mafuta ya taa au maji ya tumbaku. Usifanye hivyo kamwe. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na tumbaku ina sumu ipenyayo mwilini. Tena mbwa hujilamba, akaimeza.

Hata hivyo, kutuliza si kuponya. Kiroboto jike aweza kutaga mayai 40 kwa siku moja, nayo huanguka mavumbini na katika malalo ya mbwa. Ukimwosha mbwa tu, viroboto wapya watampanda tena. Kwa hiyo fagia mahali alalapo, choma takataka, fua gunia lake na kulianika juani. Ufanye hivyo kila juma. Na kama ni upele, majani hayatoshi: mwulize daktari wa mifugo upesi, akupe dawa ya kuwaua wale vidudu.

Kazi hii ni ndogo, nayo yaweza kufanywa na mtoto. Mbwa hatakushukuru kwa maneno. Lakini utamwona amelala kimya kivulini, na manyoya yake yanaota tena.

Maswali
1. Utatambuaje upele na viroboto?
2. Kwa nini utomvu wa manjano wa mshubiri hutolewa kwanza?
3. Kwa nini kumwosha mbwa peke yake hakutoshi?