Kuhama Si Kufuata Mvua Tu

Muhula uliopita nilimsaidia komredi mwenzangu kutoka hosteli kwenda kupanga nje. Mali yake ilikuwa godoro, ndoo mbili, jiko la gesi, begi la nguo na maboksi ya vitabu. Tukakodi mkokoteni. Ni mwendo wa dakika 20 lakini ulitumalizia siku nzima, na tulipofika ndipo akakumbuka kwamba ufunguo ameuacha kwa mlinzi wa hosteli. Tukakaa juu ya godoro nje ya mlango tukingoja uletwe. Akanigeukia: "Lakini nyinyi kwenu mmezoea mambo haya, sivyo? Mnafuata tu mvua."

Swali hilo nimeulizwa tangu mwaka wa kwanza. Mimi ni Mgabra, kwetu ni upande wa Maikona, kaunti ya Marsabit, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Ni kweli tunahama, na nyumba tunaibeba. Linalonikwaza ni hilo neno "tu". Mwaka 2021 familia yangu ilifuata mvua tu, tena kwa ushauri wangu mimi, na tukalipa. Kwa hiyo leo nataka kueleza jinsi nyumba ya kwetu inavyopanga kuhama inapopanga vizuri, ili ujue tulikosea wapi.

Maji kule, nyasi huku

Anza na ramani. Kuzunguka Chalbi kuna maji: chemchemi za Kalacha, visima vya Maikona. Lakini nyasi hapo ni haba, na ardhi ina chumvi. Ukipanda kaskazini kwenye vilima vya Huri, mambo yanageuka. Kuna ukungu, baridi na nyasi nzuri, lakini hakuna mto wala chemchemi ya kudumu. Yaani mifugo inakula mahali pamoja na kunywa mahali pengine. Kila mpango wa kuhama kwetu ni jibu la swali moja: tukae umbali gani kutoka kwenye maji ili wanyama wale, na bado wafike kunywa wakiwa hai?

Jibu linategemea mnyama. Ng'ombe anataka maji kila baada ya siku mbili au tatu. Mbuzi na kondoo wanaweza kuvumilia siku nne, tano. Ngamia anaweza kukaa wiki moja hadi mbili, kutegemea majani anayokula. Ndiyo maana mali haikai pamoja. Vijana huenda mbali na ngamia wasiokamuliwa kwenye kambi ya malisho tunayoiita fora. Wazee, kina mama, watoto na wanyama wachache wa maziwa hubaki kwenye kijiji kinachohama, yaani olla. Kwa hiyo ukisikia "familia imehama", uliza kwanza ni sehemu gani ya familia.

Misimu nayo ina majina. Mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, ni ganna. Mvua fupi, kati ya Oktoba na Desemba, ni hagaya. Kati yake ni kiangazi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, kwetu na katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika. Katikati ya hali hiyo ndipo simu yangu ililia.

Mtu wa kutazama nchi

Kabla hata ya kamba moja kufunguliwa, olla hutuma mtu. Huchaguliwa mtu mzima anayejua mifugo, na kwa kawaida ni mwenye wanyama wake mwenyewe katika olla, maana akidanganya ama akitazama ovyo, hasara ni yake pia. Haendi kuangalia kama mvua imenyesha. Anakwenda na orodha kichwani. Nyasi ni za aina gani, na zitatosha siku ngapi? Kuna kupe? Nani yuko huko tayari, na wana mifugo kiasi gani? Njia ni salama? Wazee wa huko wamesemaje? Hili la mwisho watu wa nje hulisahau. Ardhi kuwa wazi haina maana kwamba haina wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatambua mila za wafugaji katika kutumia malisho, lakini kabla ya sheria hiyo na baada yake, adabu ni ileile: unatuma salamu, unaomba, unajibiwa, ndipo unahama.

Akirudi, wazee husikiliza, huuliza maswali yaleyale mara tatu, kisha huamua. Inaweza kuchukua wiki nzima. Kwa kijana aliyezoea kubofya na kupata jibu, inachosha.

Basi, Novemba 2021 kaka yangu mkubwa akapiga simu kutoka kwenye kile kilima wanachopandia kutafuta mtandao. "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi. Tazama huko kwenye simu, Huri kuna nini?" Nikafungua programu moja ya hali ya hewa, kisha picha za setelaiti. Juu ya vilima palikuwa na doa la kijani, na mvua ilikuwa imeonekana siku chache nyuma. Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyepasi: "Imenyesha. Kuna kijani. Endeni."

Baba alikuwa amepanga kutuma mtu. Lakini mbuzi walikuwa wanakonda, ngamia wa kupanda alikuwa dhaifu, na mwanawe wa chuo kikuu alikuwa amesema. Wakahama bila kutuma mtu.

Kijani kilikuwepo kweli. Ila sehemu kubwa ilikuwa vichaka ambavyo mbuzi hawavili. Nyasi zilizochipua kwa mvua ile moja zilikuwa zimeshafikiwa na olla nyingine mbili zilizotangulia, na jua likamaliza zilizobaki. Setelaiti huona kijani. Haioni kama kinaliwa, haioni nani amefika kabla yako, na haikuambii kisima kiko siku ngapi.

Hesabu ya mitungi

Hapo ndipo hesabu ya maji ilipotushika. Ifanye na wewe. Nyumba yetu ina watu saba. Ngamia wa mizigo, ambao ni madume waliohasiwa, walikuwa wawili wenye nguvu ya safari. Kila mmoja anabeba mitungi minne ya lita 20, jumla lita 160. Kutoka kambini kushuka kisimani ni siku mbili, kupanga foleni siku moja, kurudi siku mbili. Siku tano. Gawanya 160 kwa 5, kisha kwa watu 7. Utapata lita nne na nusu kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa, na hapo hujampa maji mwanambuzi hata mmoja. Kwenye bafu la hosteli, lita hizo zinaisha kabla sabuni haijatoa povu.

Ukipanga vizuri, hesabu hii unaifanya kabla ya kuondoka, na inakuambia kama mahali pazuri ni pazuri kwako. Nyumba yenye ngamia wanne wa mizigo inaweza kukaa mahali ambapo nyumba yenye wawili haiwezi. Ndiyo maana watu huazimana. Kwetu kuna utaratibu wa zamani wa kumwazima mwenzako ngamia jike, akamlea na kutumia maziwa, huku ngamia akibaki wa mwenyewe. Tunauita dabarre. Mwenye mali nyingi na asiyemwazima mtu, siku akikwama, hana mlango wa kubisha.

Sisi hatukufanya hesabu. Tulipoteza mbuzi 11 katika safari za kushuka na kupanda. Nyanya yangu, tunamwita Akko, alidhoofika mpaka ikabidi ashushwe Maikona kwa lori lililokuwa limeleta maji.

Nyumba ni ya mama

Jambo lingine ambalo wenzangu hawalijui: nyumba yenyewe ni mali ya mwanamke. Kina mama ndio wanaoijenga, kuibomoa, kuipakia na kuijenga tena. Ni fito zilizopindwa, mikeka ya nyuzi iliyosukwa kwa mkono, ngozi, na siku hizi turubai. Kila kitu kina mahali pake juu ya ngamia. Fito hufungwa ubavuni zikainuka juu kama upinde, na katikati pakawa na kitanda cha kubebea wasioweza kutembea: watoto wadogo, wazee, wanambuzi waliozaliwa juzi. Vyombo vya maziwa hufungwa mahali ambapo havitagongana. Mwanamume anaweza kuamua siku, lakini mama akisema mzigo hautoshi ngamia waliopo, safari imesimama. Mwaka ule mama alisema hivyo. Alisema tungoje ngamia wa tatu wa mjomba arudi kutoka fora. Tukamwambia nyasi zitaliwa na wengine.

Kazi huanza kabla ya alfajiri, ili jua likikaza wanyama wawe wamekata sehemu kubwa ya njia. Ngamia mwenye mimba habebeshwi mzigo. Mbuzi hutangulia polepole kwa sababu mwendo wa safari ni mwendo wa mnyama aliye dhaifu kuliko wote. Hili ningependa liandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi inayopanga chochote.

Nani anabaki

Zamani olla nzima ilihama. Siku hizi mpango lazima ujibu pia: nani anabaki karibu na shule, zahanati na duka? Sisi tuna wadogo zangu wawili shuleni, kwa hiyo shangazi hubaki nao Maikona. Dawa za presha za Akko lazima zitoshe mpaka safari ijayo ya kisimani. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vitabu vya chanjo tunavifunga kwenye nailoni, vinakaa kwenye mkoba mmoja, na mkoba unabaki kwa mtu mmoja anayejulikana. Nina binamu aliyekosa kujiandikisha kwa mtihani kwa sababu cheti chake kilikuwa kwenye ngamia siku tatu kutoka hapo. Simu moja ya mulika mwizi yenye chaji hukaa na wanaohama, nyingine na wanaobaki, na kunakuwa na siku maalumu ya kupanda kilima kupiga.

Katiba ya 2010 inawahesabu wafugaji wa namna yetu miongoni mwa jamii zilizotengwa. Ni sawa, barabara na zahanati ziko mbali kweli. Lakini kutengwa si kutojua kupanga. Mpango wa kwetu una mpelelezi, kibali, bajeti ya maji, orodha ya mizigo na watu wa kubaki. Mimi na komredi wangu tulishindwa na ufunguo.

Nilipofika nyumbani likizo ile, nilimkuta Akko Maikona kwa shangazi, amekaa kivulini. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, bila hasira: "Mjukuu wangu, hiyo simu yako ilizionja zile nyasi?"

Nikasema haikuzionja.

"Basi siku nyingine iache itaje mahali, halafu mtu aende akaonje."

Kaka amepiga tena majuzi, swali ni lilelile. Nikatazama ramani, nikamwambia: "Mashariki ya Huri kuna kijani. Sijui ni nyasi au vichaka, na sijui nani yuko huko. Nani anakwenda kutazama?" Akacheka, akasema mtu ameondoka jana asubuhi. Nikauliza kama ana kredo kwenye simu. Hakuwa nayo, kwa hiyo nikamtumia.