Pikipiki Kuukuu na Matunzo Yake Nyumbani

Mwenye kuzijua Masasi na Newala ajua kwamba baina ya miji hiyo miwili upo mlima wa kupanda. Masasi iko chini, imezungukwa na majabali yaliyosimama kila moja peke yake. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu akisimama penye Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma limelala mbali chini ya miguu yake. Uwanda huo ni wa mchanga, na maji yake ni ya taabu tangu zamani. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyezuru nchi hiyo mwaka 1906, alisafiri na wapagazi, na katika maandishi yake alieleza taabu ya watu wa Newala ya kuteremka bondeni kutafuta maji. Baadaye ikaja reli, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea ulioanza mwaka 1947. Nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo kila kitu hupita barabarani.

Siku hizi mizigo mingi iliyokuwa ya kichwa imekuwa ya pikipiki. Madumu ya maji, magunia ya korosho katika msimu unaoanza mwezi wa Oktoba, mgonjwa wa usiku, mama anayekwenda kujifungua: wote hao hupakiwa juu ya magurudumu mawili. Tena pikipiki iliyomo katika nyumba nyingi si mpya. Imenunuliwa mkononi mwa mtu, au imetoka kwa kaka ikaja kwa mdogo wake. Ikilala siku tatu bila kwenda, karo ya watoto na kitoweo cha nyumba hulala nayo. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wasomaji wetu yale ambayo mtu aweza kuyatengeneza mwenyewe uani kwake, na yale ambayo hapana budi ayaache kwa fundi.

Kwanza ijulikane kwamba pikipiki nyingi za namna hii ziliundwa ili zitengenezwe kwa urahisi. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125, iliyokusudiwa nchi ambazo barabara zake ni mbovu na mafundi wake ni wa mbali. Vali zake husukumwa na vijiti vya chuma badala ya mnyororo wa ndani, basi sehemu zinazochakaa ni chache. Pikipiki nyingi za Kichina zilizokuja nchini kwetu baadaye zimefuata injini ya namna hiyo hiyo. Mwenye spana chache, bisibisi mbili, koleo, pampu, kitambaa safi na subira, anavyo vyombo vya kutosha kuanzia kazi.

Breki kabla ya yote

Watu wengi huanza kuitazama injini, kwa kuwa ndiyo ipigayo kelele. Sisi twasema aanze na breki, kwani injini mbovu humchelewesha mtu, lakini breki mbovu katika mteremko wa Newala humwua. Ndani ya kitovu cha gurudumu zimo breki shuu, yaani vile vipande viwili vya nusu duara vinavyotanuka na kubana. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo nje, penye mkono wa breki. Ukikanyaga breki na mshale ukafika kwenye alama yake, shuu zimekwisha, zibadilishwe. Usikaze nati na kujidanganya kwamba umetengeneza. Ukiwa umekaza, inua gurudumu ulizungushe kwa mkono: likizunguka bila kukwaruza, ni sawa. Vumbi lililomo ndani usilipulize kwa mdomo, maana breki za zamani zilitiwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Katika mteremko, weka gia ndogo uiache injini ikuzuie. Wako vijana wazimao injini wakateremka huru ili waokoe petroli. Hao huokoa kijiko cha mafuta kwa kuhatirisha roho, kwani breki zikipata moto mwingi hupoteza nguvu, na injini iliyozimwa haiwasaidii. Na ikiwa wamepanda watu watatu, huo uitwao mishikaki, hatari huzidi maradufu.

Magurudumu na mnyororo

Upepo wa tairi upimwe tairi likiwa baridi. Kwa pikipiki za namna ya CG125, paundi 25 kwa gurudumu la mbele na 28 kwa la nyuma hutosha kwa mtu mmoja. Akibebwa mtu wa pili, la nyuma liongezwe hata kufika 32 hivi. Njiti za gurudumu zigongwe moja moja kwa spana. Iliyolegea hutoa sauti nzito tofauti na wenzake. Mchanga wa uwandani hulegeza njiti upesi.

Mnyororo upimwe katikati, upande wa chini. Ukiusukuma juu na chini kwa kidole, ucheze milimita 20 hadi 30. Uliokaza mno hula beringi, na uliolegea mno huruka na waweza kulifunga gurudumu ghafula. Uoshwe kwa mafuta ya taa na brashi, ukauke, kisha upakwe oili kidogo. Kuupaka grisi nzito mahali pa mchanga si wema: grisi hukamata mchanga, na mchanga hukata chuma kama tupa. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama kulabu, badilisha sproketi zote mbili pamoja na mnyororo, kwani mnyororo mpya juu ya meno mabovu hauishi.

Oili, hewa na moto

Oili ndiyo uhai wa injini. Injini ya namna hii huchukua takriban lita moja tu, na lita hiyo moja hulainisha pistoni, gia na klachi pamoja. Ni ajabu mtu kununua vibandiko vya kupamba tangi, naye akaacha oili ikawa nyeusi kama lami. Ibadilishwe kila kilomita 1,500, na katika vumbi la kiangazi kila kilomita 1,000. Imwagwe injini ikiwa na joto, ili uchafu utoke nayo, na chujio dogo la waya lililomo chini lioshwe. Unapopima, pikipiki isimame wima mahali palipo sawa. Na katika injini za Honda kijiti cha kupimia kiingizwe bila kukazwa. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala tangi la maji ya mvua, ambayo kwa watu wa uwandani ni hazina. Itiwe dumuni apewe fundi.

Chujio la hewa likiwa la sponji, lioshwe kwa maji na sabuni, likauke kabisa, litiwe oili safi kidogo, kisha likamuliwe. Likiwa la karatasi lisioshwe. Lipigwepigwe taratibu vumbi litoke, na likichakaa libadilishwe. Kuliondoa chujio ili injini ipumue vizuri ni kuialika michanga ndani ya silinda.

Plagi ni kama ulimi wa mgonjwa mbele ya tabibu. Ikiwa ya rangi ya kahawia, injini ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi chujio limeziba. Nyeusi iliyolowa oili, ringi au vali zimechakaa. Nyeupe, injini yapata moto kupita kiasi. Nafasi ya moto wake iwe milimita 0.6 hadi 0.7. Na moshi nao husema: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe kidogo wa asubuhi ni mvuke tu, usikutishe.

Nafasi ya vali, ambayo mafundi huiita tapeti, katika injini ya CG125 ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu kabisa katika zamu ya kubana. Mwenye mkono mtulivu na kipimo chake aweza kuifanya. Ikaze mno, vali huungua bila kelele, ilegee, hulia. Kwa hiyo injini inayolia kidogo ni afadhali kuliko iliyonyamaza kwa kubanwa.

Lakini kufungua silinda, kupasua gia, kuunga fremu iliyopasuka na kuzibua waya zilizoungua, hayo ni ya fundi. Kumlipa fundi mwema si hasara.

Usalama wa nyumba

Wengi huingiza pikipiki ndani usiku kwa kuogopa wezi. Basi koki ya petroli ifungwe, wala kisiwekwe kibatari wala jiko chumba kimoja nayo, kwani mvuke wa petroli hutambaa chini ukaufuata moto. Injini isiwashwe ndani ya nyumba: moshi wake huua mtu usingizini. Watoto wasiachwe kuchezea mnyororo. Na mwenye kumaliza kazi aoshe mikono sawasawa, maana grisi nzito iliyofanya ganda juu ya ngozi huyazuia maji ya udhu yasiifikie.

Neno la mwisho ni kwa wenye pikipiki za mkataba. Kijana hupewa chombo, akalipa kiasi kila siku au kila wiki, hata muda ukitimia kikawa chake. Ugomvi mwingi hutokea hapo: mwenye mali ataka hesabu yake tu, na kijana hukimbiza chombo hata kikafa mikononi mwake kabla hakijawa mali yake. Tangu siku ya kwanza iandikwe nani atanunua oili, nani tairi, na nani atatengeneza injini ikivunjika. Tena liwepo daftari, liandikwe tarehe, kilomita na kila kilichobadilishwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hilo litamwonyesha mwenye mali kwamba amana yake yatunzwa, na litamwonyesha kijana kwamba shilingi chache za oili zimemwepusha na gharama ya injini nzima. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na juu ya uwanda wa Makonde, ambako fundi na spea ziko mbali, ukuta huo ni ghali.