Je, Wajua? Kidonge cha Jumatatu Kinachofika Jumapili

Umewahi kusikia diazepamu? Ndiyo ile Valium, dawa ambayo daktari humwandikia mtu aliyezidiwa na wasiwasi, tena kwa muda mfupi. Uingereza wanasema wiki 2 hadi 4, basi. Sogea hapa nikuonyeshe vituko vyake ikishaingia kwenye damu.

Meza kidonge Jumatatu saa 2 asubuhi. Ndani ya saa moja au moja na nusu, dawa imefika kileleni. Halafu inashuka, lakini kwa mwendo wa kobe: kwa watu wengine huchukua saa 48 kupungua nusu. Hesabu nami! Jumatano imebaki nusu, Ijumaa robo, na Jumapili watu wakienda kanisani bado kuna thumni.

Na ukimeza kila siku? Cha leo kinamkuta cha jana hajaondoka, na cha juzi naye yupo. Kiwango kwenye damu hupanda siku hadi siku, na huweza kuchukua wiki nzima au mbili kabla hakijatulia.

Wajua kwamba umri nao unahesabiwa? Kijana wa miaka 20 hupunguza dawa hii nusu kwa saa 20 hivi. Babu wa miaka 80? Saa 90! Ndiyo maana wazee hupewa dozi ndogo.

Ini nalo lina mambo. Linaigeuza diazepamu kuwa desmethildiazepamu, nayo inatuliza vilevile, na huweza kuchukua hadi saa 100 kupungua nusu. Njiani hutokea pia temazepamu na oksazepamu, ambazo kwenye famasi huuzwa kama dawa zinazojitegemea. Umemeza moja, ini limekupikia tatu!

Shika hii: katika kila molekuli 100 za diazepamu zilizo kwenye damu, 98 hivi zimeng'ang'ania protini. Mbili tu ndizo ziko huru kufanya kazi. Mbili!

Wewe ni wa wale wanaoamini sindano ndiyo kiboko? Pole. Diazepamu ikichomwa kwenye msuli, mara nyingi huchelewa kuingia kwenye damu kuliko kidonge.

Juisi ya balungi je? Watafiti waliwapa watu diazepamu kwa juisi hiyo badala ya maji, na jumla ya dawa iliyopita kwenye damu ikapanda zaidi ya mara 3. Tunda tu, jamani!

Ipo pia dawa ya kuizima, flumazenili. Mgonjwa aliyelala fofofo huweza kuamka ndani ya dakika chache. Ila flumazenili hupungua nusu kwa saa moja hivi, diazepamu bado ipo tele, na mgonjwa anaweza kurudi usingizini huku wauguzi wakimtazama.

Dawa ya kwanza ya ukoo wa diazepamu aliitengeneza mkemia Leo Sternbach mwaka 1955, ikakaa rafuni hadi 1957 maabara yake ilipokuwa ikisafishwa. Valium yenyewe ikaingia sokoni Marekani mwaka 1963. Sasa kaa vizuri: mwaka 1986 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembechembe za ukoo huu kwenye ubongo wa watu uliohifadhiwa tangu 1940. Miaka 15 kabla ya Sternbach!

Zilitoka wapi? Diazepamu kidogo sana imekutwa kwenye ngano, na kwenye viazi mviringo pia. Ni kidogo mno, kwa hiyo ukitulia baada ya sahani ya chipsi, ujue ulikuwa na njaa.